Dirisha la Upande wa Bandari

Mtu anayepanga safari ya furaha hana budi kujua kwanza barua zake zitapita mikononi mwa nani. Yaarub bin Nadhir alikuwa na shahada ya elimu ya maji kutoka Kairo, na aliweza kukwambia kisima kitakauka mwaka gani, lakini jambo hilo hakulifikiri hata kidogo. Alipomwandikia mwenye nyumba ya wageni katika kisiwa cha Hidra, huko Ugiriki, aliweka chini ya barua anuani ya Ibra, mji wa bara ya Omani, sanduku la posta la Mzee Musallam bin Khalaf. Yeye mwenyewe alikuwa akihamahama baina ya miji ya Nizwa na Adam kwa kazi ya kupima visima. Tena alijua kwamba sanduku hilo hufunguliwa kila Jumatano na Fakhriya, binti wa Mzee Musallam, arudipo kutoka skuli anakosomesha. Fakhriya alikuwa mchumba wake. Yaarub alitaka barua imfikie yeye kwanza, aifungue, acheke.

Jumatano hiyo ya mwezi wa Rajabu, mwaka 1984, Fakhriya alishikwa na mafua akabaki kitandani. Sanduku alilifungua baba yake.

Mzee Musallam alikuwa karani wa mahkama, Unguja kwa miaka kumi na kenda na sasa Ibra kwa miaka kumi. Alisoma Kiarabu vizuri na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizuri zaidi. Kiingereza alikuwa amewaachia wenye haja nacho. Alipoiona stempu ya kigeni alimpa bahasha Marzouq, karani wa posta, ambaye kwa desturi ya pale huwasomea watu barua za Kizungu papo hapo kaunta, bila ya malipo, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Watu saba wanane waliokuwa wakingoja zamu walinyamaza kwa adabu, ili wasikie vizuri.

"Kwa Bwana na Bibi Yaarub," Marzouq alifasiri. "Tumefurahi kupata barua yenu. Chumba chenu kitakuwa tayari tarehe kumi na tano Julai, kwa siku kumi na mbili. Kitanda ni kimoja, kikubwa." Akakohoa. "Na tumezingatia ombi la Bibi, kwamba dirisha lake litazame bandari, lisitazame mlima, kwa kuwa amesema milima ameshaitazama ya kumtosha mpaka siku ya kufa."

Akaikunja barua mara mbili, kwa uangalifu.

"Hongera, Mzee Musallam. Hatukupata habari kwamba nikaha imeshafungwa."

"Bado," alijibu Mzee Musallam, akaitia barua mfukoni mwa kanzu.

Njiani hakukishughulikia sana kitanda. Vijana walikuwa wamepanga ndoa Mfunguo Mosi, na safari wiki moja baada yake. Kitanda kingekuwa halali siku ya kukilalia. Kilichomchoma ni milima. Katika mkoa mzima wa Sharqiya alikuwapo mtu mmoja tu anayeizungumza milima namna hiyo, na aliizungumza hivyo mezani kwake tangu siku walipoingia Ibra, msichana wa miaka kumi na minne, mwenye kuuliza iwapo vilima vile vitaondolewa. Maneno ya binti yake yalikuwa yamefika Ugiriki na kurudi. Yalipelekwa na mwanamume. Mwanamume huyo aliyasikia wapi, na nani mwengine alikuwapo akisikia?

*

Habari iliyosomwa posta hufika nyumbani kabla ya mwenye barua. Bimdogo, dada yake Mzee Musallam, mjane aliyeishi nao na kulitawala jiko, alikwisha ingia chumbani kwa Fakhriya na kulivuta shuka.

"Amka, bibi harusi wa Ugiriki."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, na mafua yako ni ya uongo. Kisiwa gani hicho?"

Fakhriya alikaa kitako. Alikuwa na miaka ishirini na minne, uso mwembamba, na macho ambayo wanafunzi wake waliyaogopa zaidi ya fimbo. "Nani kakwambia habari ya kisiwa?"

"Mji mzima umeniambia. Jina lake."

"Hidra."

"Kina nini huko, ambacho hapa hakipo?"

"Hakina magari, shangazi. Gari ni marufuku. Watu hupanda punda."

Bimdogo alikaa ukingoni mwa kitanda taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Punda?"

"Na nyumbu."

"Mwanangu, mwaka tuliokuja mimi nilipanda punda kutoka hapa mpaka Samad. Kutwa nzima. Nikalala kifudifudi wiki mbili. Serikali ikaleta lami, nikasali rakaa mbili za shukurani. Leo huyo mchumba wako wa Tabora anataka kutoa pesa yake mfukoni, akapande punda?"

"Pana bahari pia."

"Bahari ipo Sur. Na fungate tangu lini ikafanywa safarini? Fungate siku saba, mwari ndani, udi unafukizwa, na mtu mzima yupo karibu. Utafukizwa na nani huko? Mgiriki?"

Fakhriya alitaka kucheka, lakini uso wa shangazi yake ulikuwa umebadilika.

"Sasa niambie la milima," Bimdogo alisema kwa sauti ya chini. "Salamu zenu nazipeleka mimi. Kwa mama yake nimepeleka salamu, nimepeleka haluwa, nimepeleka kipimo cha kidole chako. Milima sikupeleka. Kaipata wapi?"

Fakhriya hakujibu mara moja. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kudumu: kwa swali kubwa aliyatafuta maneno kama atafutaye chaki iliyoanguka, na watu humalizia wenyewe sentensi yake. Hata posa ya Yaarub ilipokuja, mwezi wa Desemba, baba yake alimuuliza kama ameridhia, naye akawa anatafuta namna ya kusema ndiyo bila ya kuonekana ana pupa. Alinyamaza. Na kwa kuwa idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake, wanawake walipiga vigelegele kabla hajalipata neno. Bimdogo hakuona ajabu. Yeye mwenyewe aliolewa kwa kunyamaza, miaka arubaini na sita nyuma. Alikuwa na tambuu kinywani.

"Alinirudisha kutoka Sur," Fakhriya alisema hatimaye. "Kwenye ile semina ya walimu."

"Mlirudi na Wadha, mwalimu mwenzako. Wadha na mumewe ndio waliopanga, kwa kuwa basi liliharibika."

"Wadha aliteremka Bidiya, nyumbani kwao. Kutoka Bidiya mpaka hapa tulikuwa wawili."

Bimdogo alishika kichwa. "Ya Rabbi. Bidiya mpaka hapa ni nusu saa."

"Tulichukua saa moja."

*

Saa hiyo moja ilikuwa imepita mwezi wa Januari, wakati wa alasiri, na Fakhriya aliijua yote kwa moyo, kama aya.

Wadha alipokwisha kuteremka, Yaarub aliendesha maili kadhaa bila ya kusema kitu, mikono miwili kwenye usukani, mgongo umenyooka, kama mtu anayetahiniwa. Fakhriya alikuwa kiti cha nyuma. Katika kioo aliyaona macho yake yakija, yakikutana na yake, yakirudi barabarani kwa haraka ya mtu aliyeguswa na moto.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "nina kitu nataka nikuonyeshe. Nikisimama, utakasirika?"

"Inategemea kitu chenyewe."

"Ni ramani."

"Ramani haijapata kumkasirisha mtu."

Alisimamisha gari pembeni mwa njia, pahala palipo wazi, pakionekana na kila apitaye. Kwa hilo alikuwa mwangalifu. Aliukunjua juu ya boneti ukurasa wa atlasi aliyoisomea Kairo, akauwekea vijiwe pembe nne kwa sababu ya upepo. Fakhriya alisimama upande wa pili. Baina yao ilikuwapo bahari yote ya Ugiriki, upana wa dhiraa moja.

"Hapa," alisema, akaweka ncha ya kalamu. "Nilipokuwa Kairo tulipanda meli sisi wanafunzi watatu. Nilikaa kisiwa hiki siku moja tu. Nikasema sitarudi mpaka niwe na mtu wa kumwonyesha."

"Kila kijana husema hivyo, kwa kila kisiwa."

"Nimeona visiwa vinne. Nimesema kwa kimoja."

Alimtazama. Hakuwa mzuri wa sura, kwa haki. Pua ilikuwa kubwa, na Kiswahili chake cha Tabora kilimfanya Bimdogo aombe arudie kila neno. Lakini alikuwa akiushikilia ukurasa ule kwa kidole kimoja, taratibu, kama unaweza kuumia, na Fakhriya alihisi kwamba ni yeye anayeshikiliwa.

"Nyumba ya wageni ina ngazi mia na kumi," aliendelea. "Vyumba vya nyuma vinatazama mlima, vya mbele bandari. Wewe ungependa—"

"Bandari. Milima nimeshaitazama ya kunitosha mpaka siku ya kufa."

Alicheka, akatoa daftari yake ya vipimo vya visima, akaandika maneno hayo neno kwa neno, chini ya kina cha maji cha Al Kamil.

"Unaandika nini?"

"Amri yako, Mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza mwanamume kuliandika neno lake. Vijiwe vilirudi chini, ramani ikakunjwa, na walifika Ibra kabla ya magharibi. Mkono wake haukuugusa wa Fakhriya, wala nguo yake. Alipoteremka, Yaarub alisema, "Hakuna aliyefurahi zaidi yangu leo," kisha akaona haya akaangalia tairi.

*

Mzee Musallam alimkuta binti yake amekwisha vaa, amekaa anamngoja. Hakupandisha sauti. Sauti hakuwahi kuipandisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa khofu ya watu kwake.

"Barua umeshaisikia?"

"Nimeisikia, baba."

"Ulikaa naye peke yenu?"

"Ndiyo, baba. Kutoka Bidiya. Tulisimama njiani tukatazama ramani. Hakukuwa na zaidi. Wallahi—"

"Sikukuapisha." Alikaa kwenye busati, akaivua kofia yake na kuiweka gotini. "Nakuamini. Lakini nisikilize. Madhehebu yetu unayajua. Mwanamume na mwanamke waliokutana kwa haramu kabla ya nikaha hawaozwi milele, hata watubu, hata walie machozi ya damu. Wengine wana ruhusa yao, na Mungu ndiye ajuaye. Sisi hatuna. Na leo mji umesikia kitanda kimoja, na Bwana na Bibi, na nikaha bado. Watakuja kuniuliza, na watakuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu yakiwa ya wengine, nami huuliza."

"Nifanye nini, baba?"

"Umeshafanya. Umesema kweli. Ijumaa nitamwita na yeye, nimuulize swali hilo hilo. Maneno mawili yakiwa mamoja, nitasimama mbele ya yeyote, nitasema walikosea adabu, hawakukosea zaidi. Wewe utakuwa nyuma ya pazia usikie. Lakini nipe ahadi: hutasema, hutakohoa, hutaacha bangili ilie, mpaka nikuulize mimi."

"Na kama—"

"Kama nini?"

Fakhriya aliwaza kidogo. Hakuiona sababu ya kuwapo kwa *kama*. "Nakuahidi, baba."

Laiti angaliomba ruhusa ya kumpelekea Yaarub kipande cha karatasi. Angalikataliwa, lakini angalikuwa ameomba.

*

Ijumaa baada ya sala Yaarub aliingia majlisini na kanzu iliyopigwa pasi kwa uangalifu mno, na sahani ya haluwa ya Nizwa ambayo hakuna aliyeipokea kwa shauku. Alikuwa ameshapata habari. Mtu wa posta alimsimulia mtu wa Sinaw, na mtu wa Sinaw alimkuta Yaarub kule Adam. Alikuwa na siku moja na nusu ya kufikiri, na huo ulikuwa muda wa kumtosha mtu mwema kufikiri vibaya.

Nyuma ya pazia la buluu Fakhriya alikaa na Bimdogo, goti kwa goti. Alivua bangili zake zote akazilaza mapajani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa. Mzee Nadhir hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Ami, kabla ya yote, nakuomba radhi. Niliandika Bwana na Bibi kwa sababu ndivyo tutakavyokuwa. Nilikuwa na haraka. Hoteli za kule zikijaa, zimejaa."

"Hilo si kosa. Mimi nilinunua kitanda miezi sita kabla ya kuoa."

Yaarub alijaribu kutabasamu, akaona kuwa haukuwa mzaha.

"Nina swali moja," Mzee Musallam alisema. "Nakuuliza hapa, wewe na mimi. Umepata kukaa na binti yangu pahala pasipokuwa na mtu wa tatu?"

Kupitia uwazi wa pazia, upana wa kidole, Fakhriya aliona macho ya Yaarub yakija upande wake. Yaarub hakuweza kumwona, lakini alijua yupo. Hakuna nyumba ambayo pazia la majlisi halina mtu. Aliyatambua macho yale. Ni yale ya kwenye kioo. Yalikuwa yamejaa huruma, na huruma ile ilimtisha.

*Sema ndiyo,* aliomba moyoni. *Neno dogo. Nimeshalisema, halinichomi.*

"Hapana, ami," alisema Yaarub. "Kamwe."

Alilisema bila ya kujikwaa, kichwa juu, kama mtu anayeweka kifua chake mbele ya mshale. Bimdogo aliukamata mkono wa Fakhriya na kuubana.

"Na maneno ya milima?"

"Aliyasema garini, mbele ya Bi Wadha. Nikayakumbuka."

"Bi Wadha alikuwa nanyi mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni hapa, ami."

Kikohozi kimoja kingalitosha. Bangili kumi na mbili zilikuwa mapajani, na zingaliangushwa sakafuni zote, lingekuwa kosa la binti mmoja mbele ya baba mmoja, kosa la kusamehewa kabla ya alasiri. Fakhriya alikuwa amelelewa kutimiza ahadi. Aliitimiza. Baadaye alikuwa na miaka mingi ya kuipima ahadi hiyo, na kila alipoipima aliiona nyepesi zaidi.

Mzee Musallam hakumwapisha. Alikuwa amekaa mahkamani muda wa kutosha kujua kwamba anayesema uongo kwa nia njema huapa haraka kuliko wote, na hakutaka kumtia kijana dhambi ya pili.

"Binti yangu ameniambia kwamba Bi Wadha aliteremka Bidiya," alisema. "Ameniambia ya ramani pia, na ya vijiwe."

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma dirishani.

"Ami," Yaarub alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyengine, "nilitaka kumkinga."

"Na nani?"

"Na maneno ya watu."

"Watu gani? Hapa pana mimi na wewe. Ulimkinga na mimi, babake."

"Sikujua kwamba ameshakwambia."

"Naam. Ungalijua, ungalisema kweli. Hilo ndilo linalonisumbua."

"Hakuna lililotokea, ami! Nitaapa kwa msahafu. Ni ramani tu. Kweli ni ndogo, ndiyo maana nikaona hakuna dhara—"

"Sikiliza, ya waladi." Mzee Musallam alizungumza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira. "Ungeniambia ndiyo, ningekukemea kidogo, kisha ningekumiminia kahawa. Niliikemea nafsi yangu kwa vile nilivyoomba unambie ndiyo. Sasa katika dogo umenidanganya. Katika kubwa nitakushika kwa lipi? Na jambo hili halina nusu. Nikiwaoza na ndani yake mna haramu, haramu hiyo nimeiandika mimi, kwa mkono wangu huu, na kila mtoto wenu atakuwa shahidi."

"Binti yako ni shahidi wangu."

Mzee Musallam alimtazama muda mrefu. Kisha alifanya jambo ambalo Bimdogo alilisimulia mpaka kufa kwake, kwani hakuna mwanamume wa ukoo wao aliyepata kulifanya. Aliinuka, akalijia pazia, akasimama karibu nalo.

"Fakhriya."

"Labeka, baba."

"Wewe ndiye uliyekuwapo, na wewe ndiye utakayeishi naye. Neno lako kwangu latosha. Wakija wa mjini, nitawajibu kwa neno lako. Umesikia yote. Nimrudishe kwao?"

Alilisikia swali. Jibu lilikuwapo, lilikuwapo tangu Januari. Lakini lilikuwa limeingiliwa na neno jengine, *kamwe*, na Fakhriya hakuweza kulipita. Saa ile moja, aliyoihifadhi kama mtu anavyohifadhi dhahabu ya mamake, yeye aliitoa mbele ya baba yake, akaiweka wazi, bila ya haya. Yaarub aliulizwa juu yake akasema haikuwapo. Alifanya hivyo kwa ajili yake, hilo alilijua. Je, angefanya mangapi mengine kwa ajili yake, maisha yao yote, kwa macho yale yale ya huruma? Angemkinga na daktari? Na watoto? Na kweli yoyote ambayo angeiona nzito kwa mabega ya mwanamke?

Alitaka kusema: usimrudishe, baba, ila mwambie arudie jibu. Alitaka kusema: mwache aje mwezi ujao. Alitaka sentensi iliyo sahihi, yenye kusamehe na yenye kukemea, isiyomfedhehi yeyote kati ya wanaume wawili aliowapenda. Aliitafuta. Mwalimu mzuri haandiki ubaoni mpaka awe na hakika.

"Fakhriya!" Yaarub aliita. Hakuwa amepata kulitaja jina lake ndani ya nyumba ile. "Sema chochote. Sema nimekosa. Sema hata—"

"Sauti, kijana," Bimdogo alionya, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Mzee Musallam alikuwa bado amesimama mbele ya pazia, ameinamisha kichwa. Alingoja kadiri alivyongoja mwezi wa Desemba, pengine na zaidi. Kisha alitikisa kichwa taratibu.

"Nimefahamu," alisema.

Angalisema kitu chengine chochote, Fakhriya angalipata nafasi. Lakini kumwambia baba yake mbele ya mgeni kwamba hakufahamu, kwamba kunyamaza huku si kule, hilo lilihitaji ulimi ambao hakupewa.

Yaarub alisimama. Alikawia kidogo akilitazama pazia, kama anayesubiri upepo ulisogeze.

"Fi amani llah, ami."

"Fi amani llah, ya waladi. Endesha pole pole. Na ile nyumba ya wageni, uwaandikie, wasikae wakakungoja."

Viatu vilivaliwa nje ya mlango, kwanza kimoja, na baada ya muda mrefu kidogo cha pili. Baba yake alitoka kumsindikiza mpaka langoni, maana mgeni husindikizwa hata akiwa anafukuzwa.

*

Bimdogo alilisukuma pazia, akaingia majlisini kukusanya vikombe ambavyo havikunywewa. Alivipanga kimoja ndani ya chengine, akavipangua, akavipanga tena.

"Ulikuwa unanyamaza kwa nini, Fakhriya?" aliuliza bila ya kugeuka. "Mimi nilikuwa na tambuu. Wewe ulikuwa na nini?"

Fakhriya alikwenda akasimama pahala alipokuwa amekaa Yaarub. Busati lilikuwa bado limeshika umbo la goti lake. Nje gari liliwaka, likazimika, likawaka tena. Lilirudi nyuma, likageuka kwenye kichochoro. Na hapo, wakati hapakuwa tena na wa kumsikia, neno lilikuja, zima, rahisi, lisilohitaji kemeo wala sharti. Alilisema kwa sauti kamili, kama anavyosema darasani.

"Usimrudishe."

"Umesemaje?"

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. Alionekana amepungua, kama mtu aliyebeba kitu kizito mbali sana na kuambiwa akiweke popote. Gari lilikuwa bado linasikika. Lilikuwa halijaimaliza hata barabara ya soko. Kijana mwenye mbio angaliliwahi. Alikuwa akimtazama binti yake, na katika macho yake palikuwa na ombi ambalo hakulijua mwenyewe: kwamba awe amefanya sawa.

"Nimesema kahawa imepoa, baba."

"Mwambie shangazi yako aipashe," alisema Mzee Musallam, akaketi, akafumba macho.

Bimdogo, aliyelisikia neno la kwanza, alivichukua vikombe akaelekea jikoni.

Neno hilo la kahawa lilikuwa limemtoka upesi, bila ya kujikwaa, kichwa juu. Hakukusudia ubaya wowote. Alitaka tu kumkinga mzee. Fakhriya alisimama katikati ya majlisi akishangaa wepesi wake, na akamwelewa Yaarub yote, mpaka mwisho, ilhali mlio wa gari lake ulikuwa ukififia kuelekea njia ya Samad.